Macho ya Bibi Filomena

Kila asubuhi kabla ya shule, Liwen Curiqueo alikanda unga huku Bibi Filomena akikaanga maandazi kwa mafuta ya nguruwe. Katika vijiji vyote vya karibu na mji wa Temuco hakuna aliyemshinda Bibi kwa mapishi, wala kwa maneno. Alijisifu kwamba kwa miaka sabini hajawahi kulazwa.

Siku nne kabla ya We Tripantu, mwaka mpya wao, Liwen aliona weupe wa macho ya Bibi umegeuka njano. Bibi alikuwa amejishika ubavu wa kulia, anatetemeka kwa homa.

"Ni nyongo tu," alisema Bibi. "Yule jirani na kondoo wake wamenitia hasira. Hasira zikiisha itatulia. Na wewe funga mdomo. Baba yako akijua atanipeleka hospitali, na chakula cha sherehe atapika nani?"

Pale kijijini kila mtu aliamini kuwa hasira humwaga nyongo, kwa hiyo Liwen aliitikia, akabeba mkoba. Lakini njiani somo la Mwalimu Painemal halikumtoka kichwani. Nyongo hutoka kwenye ini na kusaidia kusaga mafuta. Tena hupeleka habari: asidi zake hugusa vipokezi vilivyo kwenye seli, na mwili ukajua utengeneze nyongo kiasi gani, utumieje sukari na mafuta, na kinga yake itulie au ipambane. Kijiwe kikiganda ndani yake na kuziba njia, nyongo hurudi nyuma, macho yakawa njano. Kukiwa na homa pia, hiyo ni hatari.

Liwen aligeuka, akakimbia hadi zizini kwa baba yake, Segundo, akamweleza yote.

"Kumbe nimelea mbea," Bibi alifoka alipoona gari limewashwa.

Machozi yalimlengalenga Liwen. Aliogopa Bibi hatampenda tena.

"Niite mbea, Bibi, lakini twende."

Hospitalini daktari alitoa kijiwe kilichoziba njia. Alisema wangechelewa siku moja tu, mambo yangetumbukia nyongo kwelikweli.

Siku ya sherehe wengine walipika, Bibi akitoa amri kutoka kitini. Wageni walipojaa, aliwaita watoto, akamvuta Liwen karibu.

"Mtu akiumwa akawaambia mfiche, msimtii, hata awe mkubwa wenu," aliwaambia watoto. "Mimi nilimwomba huyu anifichie, nikamtukana aliposema kweli. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa na mvi, yeye ndiye aliyekuwa na akili."

Liwen hakuinamisha uso. Alijaa fahari, na Bibi alijaa fahari kumshinda.