Fungu la Tatu

Jumamosi ile barabara ya Nizi ilikuwa tulivu. Mimi na shemeji yangu Lucien tulipanda pikipiki kutoka Shari, tukaenda kuvua kwenye bwawa la umeme lililoachwa huko milimani. Ni bwawa la wote, halina mlinzi. Dada yake, mke wangu Dorothée, aliyezoea kuketi nasi pale ukingoni, tulikuwa tumemzika mwezi uliopita. Binti yetu Débora, mwenye miaka sita, nilimwacha kwa jirani. Kila jioni aliniuliza mama atarudi lini. Kila jioni nilimfunika blanketi, nikazima taa.

"Mwalimu, samaki haiko wanafunzi," Lucien alinicheka. "Ukikohoa hivi, itatoroka yote."

Kufikia alasiri tulikuwa na tilapia wa kutosha. Lucien alitandaza majani ya mgomba, akagawa. Pale bwawani kila aliyeketi ukingoni hupata fungu lake, hata kama hakuvua kitu. Aligawa huku akipiga hadithi, mikono ikienda yenyewe. Alipomaliza, mafungu yalikuwa matatu.

Tulikuwa wawili.

Alitazama nyasi kando yangu. Zilikuwa zimelala, kama mtu ameinuka sasa hivi. Zilikuwa zimelowa.

"Hili la tatu ni la nani?" nilimwuliza.

"Usiguse, shemeji," alinong'ona. "Tuiache pale. Ukibeba fungu ya mutu, mwenyewe atakufuata mpaka kwako."

Nimesomea biolojia. Sikuamini. Lakini nilimfikiria Débora. Lucien alipogeuka kuwasha pikipiki, nililifunga fungu lile kwenye majani, nikalificha chini ya koti.

Njiani Lucien aliendesha, mimi nimeketi nyuma yake. Mgongo wangu ulikuwa baridi, kama umeegemewa.

Usiku nilimlaza mtoto, nywele zake timtim. Tangu msiba hakuruhusu mtu azishike. Aliuliza swali lake.

"Labda leo," nilimjibu.

Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, shingo wima. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umesukwa mistari myembamba, kwa mkono niliouzika.

"Papa, usinishike," alisema polepole. "Mama anasema huu mwingine atanisuka leo. Kule kwake."

Nilianza kufumua. Ndani ya msuko wa mwisho ulipita unyasi mmoja wa majini, mbichi. Haukuishia kwenye nywele. Ulishuka kitandani, ukavuka sakafu, ukapita chini ya mlango.

Ulikuwa umekaza.