Jivu Juu ya Gari Jekundu

Kila Jumamosi Pilipili aliamka na mama yake kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Mama alisugua, Pilipili akasuuza, kisha wakashika shuka kila mmoja upande wake na kulikamua mpaka likalia. Jina la Pilipili alipewa na shangazi yake, kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawasha. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Jirani yao alikuwa Fundi Rangi. Alipaka magari rangi uwanjani mwake, nje kabisa, na kati ya uwanja wake na kamba za mama palikuwa na uzio mfupi wa mabati. Siku hiyo alikuwa anapulizia gari rangi nyekundu. Upepo ukageuka. Mama alipokwenda kuanua mashuka, yalikuwa na madoa mekundu kama yamepata surua.

Hii ilikuwa mara ya pili. Mwenye nyumba ya wageni alishasema wazi: yakiharibika tena, anatafuta dobi mwingine. Na mama hakuwa na kazi nyingine.

Mama alisogea kwenye uzio. "Fundi, tazama ulichonifanyia."

Fundi alivua kitambaa puani, akacheka. "Mimi nimepaka gari, dada yangu. Mashuka yamepakwa na upepo. Kaushitaki upepo!"

Vijana wake wawili wakacheka naye. Mama akageuka, akaingia ndani na shuka begani.

Pilipili hakuingia ndani. Damu ilimchemka. Alikwenda kwenye meko waliyochemshia maji, akachota jivu kwa beseni, akajaza. Alingoja mpaka Fundi na vijana wake walipokwenda kula, akapanda juu ya ndoo, akalimwaga jivu lote juu ya gari. Rangi ilikuwa bado mbichi. Jivu likanata kuanzia boneti mpaka buti. Gari lilionekana kama kuku aliyeoga vumbi.

Fundi aliporudi alipiga ukelele. Pilipili alichungulia juu ya uzio, beseni mkononi.

"Upepo, Fundi! Kaushitaki upepo!"

Lo, raha aliyoisikia! Alijiona amemaliza kazi. Mashuka kwa jivu, ngoma sare.

Lakini Fundi hakuushitaki upepo. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la mtaa, akamshitaki Pilipili.

Baraza lilikaa katika chumba chenye mabenchi mawili na meza iliyochakaa. Mwenyekiti alikuwa mama mnene wa sauti ndogo. Alisikiliza malalamiko ya Fundi, akamgeukia Pilipili.

"Ulimwaga jivu juu ya gari?"

"Yeye ndiye aliyeanza!"

"Sijauliza nani alianza, mwanangu. Ulimwaga au hukumwaga?"

"Nilimwaga. Lakini mashuka ya mama..."

"Mashuka yameletwa hapa na nani?"

Hakuna aliyeyaleta. Fundi akatabasamu na kunyoosha miguu. Mama yake Pilipili akaanza kulengwalengwa na machozi.

"Machozi yako nayaona, mama," Mwenyekiti alisema. "Tungekuwa jikoni kwangu ningelia nawe. Lakini kwenye meza hii sina pa kuyaweka. Kama una shitaka, lilete."

Mama akasimama. "Nalileta. Huyu mtu ana roho mbaya."

"Kuwa na roho mbaya hakuvunji kanuni yoyote. Ingekuwa hivyo, nusu ya mtaa ingefungwa, na mimi nikiwemo. Amefanya nini?"

Watu wakacheka. Mama akapangusa uso, akafikiri, kisha akasema polepole: "Anapuliza rangi nje, pasipo ukuta wala pazia, na rangi inaangukia nguo zangu."

"Haya, sasa nimesikia," alisema Mwenyekiti. Akafungua kanuni za mtaa, akasoma: rangi ipulizwe ndani ya chumba kilichozibwa.

Tabasamu la Fundi likayeyuka. "Lakini Mwenyekiti, mafundi wote wanapuliza nje!"

"Hao wengine wameletwa hapa na nani?"

Pilipili karibu apige vigelegele. "Basi tumetoka sare!" alisema.

"Hapa hakuna sare. Kosa lake halifuti lako, na lako halifuti lake."

Uamuzi ulikuwa hivi: Pilipili alisugue gari lile mpaka jivu lote litoke. Fundi anunue mashuka mapya, na asipulize hata tone la rangi mpaka ajenge chumba.

Basi kila jioni baada ya shule Pilipili alisugua gari kwa msasa na maji. Vidole vilichubuka. Lakini hatua chache kutoka alipokuwa, Fundi alibeba matofali mwenyewe, jasho likimtiririka, na wateja wakafika wakaondoka na magari yao. Kila tofali alilobeba, Pilipili alilitazama kwa furaha kama mtu anayelamba asali.

Siku ya mwisho Mwenyekiti alikuja kukagua chumba.

"Hasira imekwisha?" alimuuliza Pilipili.

"Bado, bibi."

"Vizuri, umesema kweli. Sasa nisikilize. Hospitali inauliza kama wewe ni mgonjwa au mzima. Dukani wanauliza una hela au huna. Shule inauliza umefaulu au umeshindwa. Baraza linauliza kanuni imevunjwa au haikuvunjwa. Hakuna hata mahali pamoja wanapouliza una uchungu kiasi gani. Ukienda mahali, jua kwanza wanauliza nini, uwapelekee jibu la swali lao. Jivu halijibu swali la mtu yeyote. Limekupa raha ya mchana mmoja, nawe ukageuka mshitakiwa. Maneno machache ya mama yako yamemjengesha yule bwana ukuta."

"Na uchungu wangu, nani atauuliza?"

"Mama yako. Umeshamwambia?"

Pilipili akatikisa kichwa. Hakuwa amemwambia.

Akaweka msasa chini. Mle chumbani mashine ya Fundi ilianza kunguruma, na upande wa pili wa uzio mashuka mapya ya nyumba ya wageni yalipeperuka meupe. Hakuweza kujizuia.

"Fundi! Upepo haujambo?"

"Uko huko huko nje," sauti ya Fundi ilijibu kwa hasira kutoka ndani ya kuta zake.

Pilipili akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda kumshikia mama upande wa pili wa shuka.