Begi Chini ya Benchi

Kila siku saa saba mchana mtu alibisha hodi kwa Zulaika, na majirani waliokaa palepale kibarazani wakimenya matoke hawakuona mtu. Walimwona Zulaika tu, amefunga mlango jua likiwaka, wakasema yule mpangaji aliyetoka Jinja ana maringo. Maringo! Laiti wangejua.

Kisa kilianzia Jinja, mwaka tisini na nane. Zulaika na dada yake Swabrah walikuwa na hoteli ndogo kando ya stendi ya teksi. Msafiri akitaka kuzunguka sokoni, aliacha mzigo wake kwa wauza chakula bila hata kuulizwa jina. Ndivyo watu wa stendi walivyozoeana. Siku moja, saa saba mchana, akaja kijana mpole na begi jeusi.

"Mama, niangalizie mzigo, narudi sasa hivi."

Zulaika akasema lete. Akalisukuma chini ya benchi, akaenda kununua chumvi. Mlipuko ulimkuta dukani.

Swabrah alikufa, na wateja wanne pamoja naye. Mji ukageuka. Askari walipekua hadi vikapu vya nyanya, na mtu akisahau mfuko mahali, watu walikanyagana kukimbia. Kila mdomo uliuliza nani alilipokea begi lile. Zulaika alinyamaza, na sitaki umhukumu haraka. Asadu, mume wa Swabrah, alikuwa amemkabidhi Zulaika binti yao Safina amlee, na mtoto huyo wa miaka sita alikwisha kuanza kumwita mama. Akisema, atanyang'anywa mtoto. Basi akambeba wakahamia Mbale, chumba cha kupanga mtaani Namakwekwe.

Hodi ikawafuata. Zulaika alimwita Jibril, msomaji wa dua wa mtaani, akafukiza ubani chumba kizima mpaka macho yakawawasha. Kesho yake, saa saba, hodi. Jibril alipoitwa tena hakutaka hata kuketi. Alisema jini huyu hakuvunja mlango, alikaribishwa kwa neno, na hataondoka mpaka neno hilo alisikie yule aliyefichwa siri. Kisha akavaa viatu vyake upesi.

Zulaika angevumilia, wallahi, angevumilia mpaka kaburini. Ila Alhamisi moja hodi ilikuja, na sauti ile ya upole ya yule kijana ikasema niangalizie mzigo, na nyuma yake ikaja harufu ya begi jipya na mlio wa zipu inayofungwa polepole, polepole mno, jino baada ya jino, hata Zulaika akajikuta ameubana mlango kwa mgongo, watoto wa jirani wakicheka nje, redio ikiimba, na yeye hana pa kutokea kwa kuwa chumba kilikuwa na mlango mmoja na aliyebisha alikuwa amesimama hapo hapo.

Safina akainua uso kutoka mkekani.

"Mama, mbona humpokelei mzigo? Nimpokelee mimi?"

Zulaika akamziba mtoto mdomo. Jioni ile ile alimtuma dereva wa teksi amwite Asadu kutoka Jinja, na Jumamosi Asadu akafika. Alikuwa mwita abiria pale stendi ya Jinja, mtu wa kelele, lakini siku hizi alikuwa amekonda na kusema kidogo. Zulaika alikwisha kumvalisha mtoto gauni la safari. Akaeleza yote kwa kunong'ona: begi, benchi, chumvi, hodi ya saa saba. Akangoja kofi.

Asadu hakumwangalia.

"Shemeji, asubuhi ile kijana yule aliniuliza mimi pa kuacha mzigo," alisema. "Mimi ndiye niliyemwelekeza kwako. Nilimwambia wewe ni mwaminifu."

Zulaika akautazama mlango.

"Kwangu hubisha asubuhi," Asadu akasema, "nikiwa navaa viatu."

Miezi yote ile Zulaika alikuwa akiomba jambo moja tu, asinyang'anywe mtoto. Sasa alimshika Asadu mkono akamsihi. "Mchukue, shemeji. Mchukue leo."

"Nimpeleke wapi?"

Safina alisimama kati yao na gauni lake, akingoja kuambiwa amfuate nani.