Komeo la Mlango wa Nyuma

Nyumbani kwetu mlango wa nyuma haufungwi komeo mpaka wote wawe wamerudi. Ukilisukuma mapema, utasikia maneno ya mama mpaka ulale. Tangu tumzike kaka, mama hajaligusa. Limeota kutu palepale, wazi, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Kaka aliacha gemu la mazombi. Wafu wanatembea, nawe unajifungia ndani upambane kubaki hai. Roho ni moja. Ukifa, kila ulichojenga kinafutika. Humo kaka alikuwa amejenga nyumba yetu hii hii: sebule, korido, jiko, hata komeo. Mtu wake wa kwenye gemu alikuwa bado yu hai, ila asipolishwa kila siku, anakufa njaa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimlisha.

"Akifa na huyu," aliniambia, "tutakuwa tumemzika kaka mara mbili."

Jumamosi ile niliosha vyombo, nikaanika nguo, nikamalizia kwa kufagia uani. Mchana mdogo wangu akaitwa zamu ya ghafla dukani. Alinikabidhi padi ya gemu kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Dada, kopo moja la maharage tu. Usiguse kingine."

"Nimemaliza chuo kikuu, nitashindwa kulisha katuni?"

"Si wewe uliyeunguza maji ya chai?"

Akaondoka. Mama naye alikuwa kwa shangazi. Nikabaki peke yangu.

Padi ilinikera tangu mwanzo. Nabonyeza kulia, mtu anakwenda kushoto. Nafungua kabati, anapiga shoka ukutani. Maandishi ya njaa yakageuka mekundu. Nikamburuta hadi jikoni huku nikisonya. Dirishani, mazombi yalikuwa yamejaa uani.

Hatimaye akala. Nikashusha pumzi. Ndipo nikaona komeo la mlango wa nyuma limefungwa, na mama hajarudi, na mdogo wangu hajarudi. Kidole kikalifungua kabla akili haijafika.

Mazoea ya nyumba yetu.

Nikabonyeza kufunga. Likagoma. Nikabonyeza tena. Tena. Nikaitukana padi, nikaipigiza gotini.

Mazombi hayakuingia. Yalisimama tu. Yakaacha njia.

Mtu wa kaka akaweka shoka chini. Sikuwa nimebonyeza kitu. Akatoka. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikangoja maandishi ya kifo. Hayakuja. Lilibaki jiko tupu.

Kisha chuma kikakwaruza. Polepole. Nikapunguza sauti ya runinga. Bado. Nikaizima kabisa.

Kikakwaruza tena. Jikoni kwetu.

Sikuinuka. Nilikumbatia mto wa kochi mpaka nilipomsikia mama akigonga nyuma kwa ghadhabu.

"We mtoto! Umenifungia nje kama mwizi?"

Akazunguka mlango wa mbele, nikamfuata jikoni. Komeo lilikuwa limesukumwa hadi mwisho. Unga mwekundu wa kutu umemwagika kizingitini.

"Si mimi, mama."

"Uko na nani humu?"

Mdogo wangu naye akaingia, bado kavaa sare ya kazi, akauliza kabla hata ya salamu, "Yu hai?"

"Ametoka," nikasema. "Nisamehe. Nilifungua mlango."

Akakimbilia runinga, akaiwasha. Hakuna kilichofutika. Pembeni mwa jiko lile tupu paliandikwa kwamba mchezaji yu hai, amekwisha kula.

Mama aliyasoma maneno yale kutoka mlangoni. Akarudi jikoni, akaweka kiganja juu ya komeo kama anayepima homa.

"Msilifungue," akanong'ona. Alikuwa anatabasamu. "Wote tumerudi."

Nilitamani kuamini. Lakini kaka aliijua sheria ya komeo kuliko sisi sote, na lilipofungwa, mama na mdogo wangu walikuwa bado nje. Hakuwahi kumfungia mtu wa nyumba hii nje. Kwenye gemu lake komeo lilikuwa na kazi moja tu: kuzuia wafu wasiingie.

Nikasogeza pazia. Uani, kwenye mchanga niliokuwa nimeufagia asubuhi, nyayo za viatu vya mama zilikuja mlangoni, zikageuka, zikazunguka mbele.

Nyingine zote zilikuwa za miguu mitupu. Zilikuja mlangoni. Hazikugeuka.