Mafundo Matano ya Maji

Kamba ilipotoka kisimani, Paskazia alihesabu mafundo yaliyoloa. Matano. Akarudia kwa kidole. Matano.

Jana yalikuwa matatu, na tangu jana halijadondoka tone la mvua.

Paskazia ndiye aliyechaguliwa na kamati ya maji kupima kisima cha kijiji, huko nje ya Misungwi, Novemba ile ya 1996 mvua za vuli zilipogoma. Kazi yenyewe haikuhitaji shule. Kila saa saba mchana, watu wakiwa wamekimbia jua na maji yametulia, aliteremsha kamba yenye jiwe mpaka chini, akaivuta, akahesabu. Fundo moja lililoloa, mkono mmoja wa maji. Yakiwa chini ya manne, sheria ilikuwa wazi: ng'ombe hawanyweshwi hapo, na kila kaya ndoo mbili tu. Kisima kingine hakikuwepo.

Akainama kuitazama kamba. Mafundo yake aliyafunga makubwa, ya mtu asiye na muda wa mapambo. Katikati yake sasa kulikuwa na mengine mawili, madogo, nadhifu, kama kazi ya msusi. Yalinuka maziwa yaliyoungua.

"Ndalahwa huyu," alisema kwa hasira.

Ndalahwa alikuwa mwenyekiti wa kamati, na alikuwa na ng'ombe themanini. Tangu biashara iachiwe huru, wachinjaji wa Igogo walimfuata mpaka nyumbani, naye hakuacha kuongeza mifugo. Paskazia alimkuta zizini.

"Shikamoo mwenyekiti. Nani amechezea kamba yangu?"

"Marahaba. Kamba iko sandukuni kwako, Mama Chenge, ufunguo uko shingoni kwako. Unaniuliza mimi?"

"Una ng'ombe wenye kiu."

"Na wewe una wivu. Matano ni matano! Maji yamepanda, hutaki kusema kwa kuwa ng'ombe ni wangu."

"Yamepanda kwa mvua ipi?"

Ndalahwa alishikilia lake. Wakapatana jambo moja la haki: kesho wapime wote wawili, kwa kamba mpya, mafundo wafunge pamoja, watu wakiona.

Kesho yake, saa saba, kamba ikateremka. Jiwe likagonga chini. Wote wawili waliishika, na wote wawili waliisikia ikianza kutikisika viganjani mwao, kidogo kidogo, bila pupa, kama kuna mtu huko chini aliyekaa kitako akiivuta magotini pake, akiipinda, akiikaza, akipumzika, akianza tena, huku harufu ile ya maziwa yaliyoungua ikipanda mpaka wanawake waliokuja na ndoo wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja bila kuambizana.

Wakavuta. Mafundo saba yameloa. Manne hawakuyafunga wao.

"Si mimi," Ndalahwa alinong'ona.

"Naona."

Akaitwa Maige, mganga aliyekuwa pia akiuza spea za baiskeli Misungwi mjini. Alilaza baiskeli yake, akaweka sikio kwenye ukingo wa zege, akakaa hivyo muda mrefu.

"Mnashukiana bure," alisema kwa sauti ya chini. "Wa kumshuku yuko humo. Ni jini. Anataka mwamini maji ni mengi, mchote. Maji ndiyo yanayomfunika, mayo, mama yangu. Yakiisha, anatoka."

"Mfukuze basi," Paskazia akamwambia.

"Simuwezi. Msimfunue tu. Ndoo moja kila kaya mpaka mvua inyeshe."

"Dawa ndiyo hiyo?" Ndalahwa aliuliza. "Ndoo?"

"Ndiyo hiyo."

Mbele za watu Ndalahwa alikubali kwa kichwa. Moyoni alijiambia Maige amepangwa na mwanamke yule, na kwamba kamba yoyote ndefu hutikisika. Mtu akishazoea kushuku watu, hata jini atamwona ni njama ya jirani.

Siku ya tatu, asubuhi, Paskazia alikuta kisima kimezungukwa na kinyesi kibichi cha ng'ombe na tope jipya. Aliteremsha kamba. Jiwe liligonga chini kwa mlio mkavu. Kamba ikarudi kavu, imenyooka, haina fundo hata moja, na ndipo alipoona kwamba kutoka ukingoni, katikati ya tope lile bichi, kulikuwa na nyayo za mguu mtupu, na kila mguu ulipokanyaga tope lilikuwa limekauka, jeupe, limepasuka kama la miezi mingi, hatua kwa hatua, kuelekea kwa Ndalahwa.

Alikimbia nyumbani, akafunga mlango.

Saa nne asubuhi ile mlango ukagongwa. Alifungua alipotambua sauti. Ndalahwa alisimama kizingitini, midomo imepasuka.

"Mama Chenge. Kuna mgeni kwangu."

"Mgeni gani?"

"Mwanamke. Aliomba maji tu. Nikampa." Alijaribu kumeza mate, hayakuwepo. "Amemaliza mitungi yote. Akaingia zizini. Ng'ombe wangu wanakauka, dada, wanakauka wakiwa wamesimama. Sasa ananiuliza jirani yangu ni nani."

"Umemtajia?"

Ndalahwa alitupa jicho nyuma yake. Alisogea pembeni ya mlango, kama mtu anayempisha mwenzake apite.