Matonge Matatu ya Nyama

Kila Ijumaa baada ya sala, Dalal na mama yake, Badriya, walikwenda mji wa Jahra, Kuwait, kula kwa bibi mzaa baba. Sinia la wali na nyama ya kondoo liliwekwa chini, na jamaa wakalizunguka. Ijumaa hii mama alikuja na supu yake iliyochujwa.

Shangazi Lulwa akaiona. "Haya, bibi harusi wa hospitali kaleta supu!" akacheka. "Wenzako wanapungua kwa jasho, wifi. Wewe umekimbilia kisu."

Mama akakoroga supu yake. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu apasuliwe tumbo ili apungue unene, na bado aliruhusiwa vyakula vya majimaji tu. Kabla ya hapo, kisukari kilimwandama, na hakuweza kupanda ngazi za nyumbani bila kuhema. Dalal aliyajua hayo. Lakini shuleni walimzomea: "Mama yako mvivu, kakatwa tumbo!" Hasira hiyo alikuja nayo.

"Shangazi anasema kweli," akasema mbele ya wote. "Ungetembea tu, uache kula ovyo. Umetuaibisha."

Shangazi akamsogezea mama nyama. "Kula kama watu. Au chakula cha mama mkwe wako kina sumu?"

Mama alimtazama Dalal. Dalal akageuza uso. Basi mama akala tonge moja, la pili, la tatu. Ghafla akashika kifua, jasho likamtoka, akaanza kutapika. Alitapika mpaka wakamfikisha hospitali.

Daktari Fawzia, aliyempasua, alitoka kumpima akiwa amekunja uso. "Mishono haijaachia, mshukuruni Mungu. Nani kamlisha nyama?"

"Mimi," akajibu shangazi. "Matonge matatu tu! Angekuwa na bidii asingehitaji kisu."

"Bidii? Amejinyima na kufanya mazoezi miaka mingi. Unene uliofikia kiwango kama chake ni ugonjwa. Akipungua, mwili unamzidishia njaa ili uzito urudi. Ndiyo maana tumelipunguza tumbo, likabaki jembamba kama ndizi. Hatumfanyii hivi kila mnene, na si njia ya mkato. Atakula kidogo kidogo, atatembea, atameza vitamini maisha yake yote."

Shangazi akavuta baibui lake, akaondoka bila kuaga.

Dalal aliingia chumbani, macho chini. "Mama, nisamehe."

"Ya shangazi yako nimeyazoea," mama akasema. "Maneno yako ndiyo yaliyonilisha ile nyama."

Dalal akalia. Mama hakumbembeleza. Alimwacha alie, kisha akakunja miguu ili ampe nafasi ya kukaa.

"Wakinizomea tena shuleni, niseme nini?"

"Sema ukweli: mama alikuwa mgonjwa, akatibiwa. Na wewe, mwanangu, ukiona mtu ana shida usiyoielewa, uliza kwanza. Kucheka na kulaumu kunaweza kungoja."