Gurudumu la Moto na Jicho la Faraja

Kila Ijumaa gari la Leonard hushuka kutoka milima ya Mgeta likiwa na kabichi, karoti na viazi. Ni Noah nyeupe. Leonard hushusha mzigo sokoni, kisha hulileta gari nyumbani, mtaa wa Kilakala, na kulala kidogo. Mkewe Paskalia huliosha uani. Ndivyo walivyozoea.

Ijumaa hiyo Paskalia hakutulia. Kesho yake gari lilikuwa limbebe bibi harusi, binti wa kaka yake Leonard. Ukoo mzima ungelitazama. Na magurudumu yalikuwa machafu kupita kiasi. Udongo mwekundu wa mlimani ulikuwa umeganda. Kwenye rimu kulikuwa na vumbi jeusi la breki, limeshika kama masizi ya sufuria.

Faraja, dada yake Leonard, alikuja kusaidia. Alisimama amevaa ndala, kanga kiunoni, akacheka.

"Wifi, gari hili linabeba bibi harusi au viazi?"

"Viazi ndivyo vinavyokulisha, mama. Shika brashi."

"Nishike brashi na kucha hizi? Nimepaka rangi jana tu!"

Paskalia alichuchumaa, akasugua. Joto lilimpiga usoni. Leonard alikuwa ameshuka mlima wote huku anakanyaga breki, sokoni hakukawia, na gari lilikuwa limesimama uani sasa hivi tu. Paskalia alilisikia lile joto, lakini alikuwa na haraka. Jua la alasiri lilikuwa limeanza kuteremka. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu juzi. Palikuwa na ndoo moja ya maji ya sabuni na dumu moja la maji safi, basi.

Uchafu haukutoka. Paskalia akaenda chooni, akarudi na chupa. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, lakini ndani hayakuwa maji. Ilikuwa dawa ya choo, asidi kali. Paskalia huinunua kwa kupimiwa, na muuzaji humtilia katika chupa yoyote.

"Hii ilitoa kutu yote kule chooni," alisema. "Itashindwa na rimu?"

"Mimina bwana, tukaoge," Faraja akasema, akainama kutazama.

Paskalia akamimina.

Gurudumu likachemka, chwaaa! Moshi wenye harufu ya kukaba koo ukapanda. Matone yakaruka. Faraja akapiga yowe, akashika jicho la kulia.

"Jicho langu! Wifi, linaungua!"

Paskalia akaweka chupa chini. Kitu kimoja tu kilimjia kichwani: maziwa. Kwao milimani, mtoto akiingiwa na kitu jichoni, mama humkamulia maziwa. Akakimbilia jikoni, akatoka na kikombe cha maziwa. Akamkuta Mzee Mwinjuma uani. Mzee huyu ni jirani yao. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa breki, na yowe lilimfikia barazani kwake.

"Shikamoo mzee, wifi yangu..."

Mzee hakuitikia hata marahaba. "Weka maziwa chini! Maji yako wapi?"

"Haya ya ndoo..."

"Hayo yana sabuni na mchanga. Nataka safi!"

Paskalia akaleta dumu. Mzee akamlaza Faraja kwa ubavu.

"Jicho linalouma liwe chini, maji yasiingie kwenye jicho zima. Fumbua, mwanangu."

"Siwezi, baba!"

"Mfungue kope kwa vidole, Paskalia. Taratibu. Usimfikiche. Mimina kutoka upande wa pua, maji yatiririke kwenda nje. Hivyo hivyo. Usikate."

Leonard akatoka ndani, macho mekundu kwa usingizi. "Kuna nini?"

"Chukua ndoo safi, nenda kwangu, chota maji kwenye tenki," Mzee akamwambia. "Kimbia, maswali baadaye!"

Dumu likazidi kuwa jepesi. Paskalia akawa anatazama mlango wa uani na kumimina, anatazama na kumimina. Maji yalipokaribia kwisha, Leonard akatokea na ndoo.

"Tummwagie mpaka lini, mzee?" Paskalia akauliza.

"Nusu saa. Hata akisema amepoa, endelea. Gereji kwetu mwenzetu mmoja alirukiwa na maji ya betri. Tukampaka mafuta, tukidhani tunamsaidia. Jicho lile halioni mpaka leo."

Paskalia akaipokea ndoo, akaendelea kumimina.

Leonard akachukua funguo. "Nampeleka hospitali."

"Gari hilo lina asidi kwenye gurudumu," Mzee akamzuia. " Nani atakayeligusa? Mmalize kumwosha jicho, halafu mchukue bajaji. Na hiyo chupa ibebeni, daktari ajue ni dawa gani."

Ndani ya bajaji, Faraja aliegemea bega la Paskalia. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Wifi, nikifumbua naona ukungu. Nitapofuka?"

Paskalia akamvuta karibu. "Dereva, kaza mwendo," akasema.

Hospitalini daktari aliliosha jicho tena, akaweka dawa, akalifunga kwa kitambaa cheupe. "Yale maji ya nyumbani yamesaidia sana," alisema. "Lakini siwezi kuwaahidi kitu leo. Mleteni Jumatatu."

Jioni gari lilikuwa bado uani. Paskalia hakutaka hata kuliona. Mzee Mwinjuma akamwita.

"Njoo, mama. Ukiliogopa, siku nyingine utakosea tena."

Mzee alikuwa amevaa glavu za mpira, buti na miwani ya fundi. Lile gurudumu lenye asidi alikuwa ameshalimwagia maji mengi akiwa amesimama mbali, na maji hayo hakuyaacha yaende kwenye mchicha uliopandwa uani.

"Kwanza gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, na jiwe nyuma ya tairi. Sasa sogeza kiganja karibu na rimu, usiguse. Unasikia joto?"

"Hapana."

"Ndiyo maana tunaosha sasa. Gari likishuka mlima, breki huwa kama kikaango kilichotoka jikoni. Ukiimwagia maji ya baridi, ile sahani ya chuma ya breki inaweza kupinda, na gari likatetemeka kila ukikanyaga breki. Ukimwaga dawa, inachemka na kuruka. Leonard akifika, mpe chai. Gari lipoe."

"Na uchafu ukikataa kutoka?"

"Unalowanisha udongo, unausubiri ulainike. Halafu sabuni ya vyombo kidogo ndani ya maji, na brashi laini. Asidi hapana. Inakula rimu na kuitia breki kutu."

Paskalia akavaa glavu, akasugua. Vumbi jeusi likatoka pole pole. Alipotaka kuchovya kitambaa cha kufutia mlango katika ndoo ile ile, Mzee akamzuia.

"Ndoo ya magurudumu ina mchanga. Utaikwaruza rangi. Mlango una ndoo yake."

Leonard akaleta kopo la oili chafu. "Nipake matairi yang'ae?"

"Ukitaka bibi harusi afike mtoni badala ya kanisani, paka!" Mzee akamjibu. "Mafuta yakigusa breki, haishiki. Na ukimaliza kuosha, tembeza gari polepole, kanyaga breki kidogo kidogo zikauke."

Jumamosi gari lilikwenda harusini, safi. Paskalia hakwenda. Alikaa na Faraja chumbani, pazia limeshushwa, akisikiliza kila mara wifi yake anapojigeuza. Jumapili akanunua dawa ya choo yenye chupa yake na maandishi yake, akaifungia juu ya kabati. Ile iliyobaki alimrudishia muuzaji. "Usinitilie tena kwenye chupa ya maji," alimwambia, "wala usimtilie mtu mwingine."

Jumatatu asubuhi walikuwa wa kwanza kufika hospitalini. Daktari akafungua kitambaa. Akalikagua jicho kwa taa ndogo, kisha akaziba lile zima.

"Tazama mbele. Unaona nini?"

Faraja akapepesa kope. Paskalia akashika ukuta.

"Namwona wifi yangu."

"Vizuri, au ukungu?"

Faraja akakaza jicho, akatazama zaidi. "Vizuri, daktari. Amevaa blauzi ndani nje. Naona mpaka mishono."

Paskalia akajitazama kifuani. Kweli, mishono yote ilikuwa nje, tangu nyumbani mpaka hapo. Hakwenda kuigeuza. Akamkumbatia wifi yake vivyo hivyo, akalia kwa sauti mpaka daktari akafunga mlango.